Masikio ya Kusikia Neno

Mafundisho ya juma: afya ya masikio, pua na koo
Masomo: Marko 7:31-37, Isaya 38:21, Warumi 10:17, Yakobo 5:14-15

  

Leo tunafungua Injili ya Marko, sura ya 7, kuanzia mstari wa 31. Bwana Yesu yuko katika eneo la Dekapoli. Watu wanamletea kiziwi mmoja ambaye hata kusema kulimpa shida, nao wanamsihi amwekee mkono. Bwana anamtoa pembeni, mbali na umati. Anamgusa masikio, anamgusa ulimi, anainua macho juu, kisha anatamka neno moja: Efatha. Mtu yule akaanza kusikia, na maneno yake yakanyooka.

Hapa ninaomba tuangalie mambo matatu.

La kwanza, mtu huyu aliletwa. Hakuweza kusikia habari za Yesu kwa masikio yake mwenyewe. Ilibidi wengine waone shida yake, wamshike mkono, wamfikishe. Na mtoto wako wa miaka miwili hawezi kukuambia, "Mama, sikio langu la kushoto halisikii." Ni wewe utakayeona.

La pili, masikio na ulimi wake vilikuwa na shida pamoja. Hata madaktari wanafundisha hivyo: mtoto asiyesikia vizuri hawezi kujifunza kusema vizuri, na asiyesema vizuri anaachwa nyuma shuleni, anachekwa na wenzake, na watu wanadhani hana akili.

La tatu, na hili tulisikilize sana sisi watu wa Pentekoste: katika habari hii ya kiziwi Marko hataji pepo hata kidogo. Bwana hakukemea roho yoyote. Lakini ukifungua sura ya 9, mstari wa 25, Marko huyo huyo anaeleza juu ya kijana aliyefungwa na pepo bubu na kiziwi, na hapo Bwana anamkemea pepo. Mwandishi ni mmoja, Mwokozi ni mmoja, lakini mambo ni mawili. Biblia yenyewe imeyatenganisha. Kwa hiyo si haki kuchukua kila mtoto mwenye sikio linalotoka usaha na kumwita mwenye pepo. Haleluya?

Neno langu leo ni hili moja: tuombe, na tuende mapema kwa matibabu. Ugonjwa mdogo wa sikio, pua au koo unatibika kwa dawa ya bei ndogo kama ukishikwa mapema. Ukicheleweshwa, unaweza kuharibu kusikia maisha yote, na wakati mwingine unaua.

JE, KWENDA HOSPITALI NI KUKOSA IMANI?

Najua kuna ndugu ambao wanasema, "Nikienda kwa muganga nimemwacha Mungu." Tumsikilize nabii Isaya. Mfalme Hezekia aliugua karibu kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamjibu: atamwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Hata hivyo, Isaya aliagiza tini zipondwe ziwekwe juu ya jipu la mfalme (Isaya 38:21). Mungu aliahidi, na bado tini zilitumika. Hezekia hakumdharau Mungu alipokubali dawa ile. Na Luka, aliyetuandikia Injili na Matendo ya Mitume, Paulo anamtaja katika Wakolosai 4:14 kuwa ni tabibu, na kwamba anampenda.

Hata hapa kwetu Kivu tuna mfano. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akimfuata baba yake kwenda kuombea wagonjwa, akajiuliza mbona baba anaomba lakini hatoi dawa. Baba yake kazi yake ilikuwa kuomba. Mtoto akachagua kuwa mganga. Hospitali ya Panzi, ambayo ilifunguliwa mwaka 1999, iko chini ya kanisa letu la Kipentekoste la CEPAC. Na mwaka 2018 Daktari huyo akapewa tuzo ya Nobel ya Amani. Maombi ya baba na dawa za mtoto havikupigana hata siku moja.

Sasa tuingie katika mambo yenyewe.

1. SIKIO

Ugonjwa unaowapata watoto wetu zaidi ni maambukizi ndani ya sikio. Kuna mfereji mdogo unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati. Kwa mtoto mdogo mfereji huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua yanapita haraka kutoka puani mpaka sikioni. Mtoto anapata homa, analia usiku, anavuta sikio lake, anakataa kunyonya. Baada ya siku chache ngozi nyembamba ya ndani, ile tunayoiita ngoma ya sikio, inaweza kutoboka na usaha unatoka. Maumivu yanapungua, na mama anasema, "Asante Bwana, amepona." Hapana, mama mpendwa. Usaha umepata njia ya kutokea tu. Ugonjwa bado uko.

Mpeleke kituo cha afya siku hizo hizo. Ikiwa usaha haujamaliza siku 14, muuguzi atampa dawa ya kumeza, na ni lazima amalize siku zote alizoandikiwa, hata kama siku ya tatu anacheka na kucheza. Ikiwa usaha umepita siku 14, ugonjwa umekuwa sugu. Hapo dawa za kumeza hazisaidii sana; kazi kubwa ni kukausha sikio na kutia dawa ya matone ambayo muuguzi atachagua.

Kukausha sikio ni kazi ambayo mama au baba anaweza kufanya nyumbani. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa laini cha pamba, kilichofuliwa na kukauka vizuri. Kizungushe kama utambi. Kiingize taratibu mwanzoni mwa sikio mpaka kiloe, kitoe, tia kingine kikavu, endelea mpaka kitambaa kitoke kikiwa kikavu. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Usiache utambi ndani ya sikio. Usitumie njiti ya kiberiti, wala kalamu, wala ufunguo, wala kijiti chenye pamba kichwani.

Na tusitie vitu sikioni. Najua yanayotiwa: mafuta ya mawese, maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo, mafuta ya betri. Nitataja na kingine kwa heshima: mafuta ya upako. Yakobo anawaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta na kumwombea. Tuendelee kufanya hivyo! Mpake kwenye paji la uso. Lakini usiyamimine ndani ya sikio lililotoboka. Nguvu za Mungu hazipitii kwenye tundu la sikio, na mafuta yakikaa juu ya usaha yanauongeza.

Dalili hizi ukiziona usingoje asubuhi: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, unaosukuma sikio mbele; kichwa kuuma sana pamoja na kutapika; shingo kukaza; degedege; mdomo kwenda upande; kizunguzungu kikali. Hapo ugonjwa unaelekea kwenye mfupa au kwenye ubongo. Mtu huyo si wa kupelekwa kwenye kambi ya maombi siku tatu. Ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo, na waombaji wamwombee njiani.

Mdudu akiingia sikioni, na sikio hilo halikuwa na ugonjwa wala halijawahi kutoboka, unaweza kutia matone machache ya mafuta safi ya kupikia ili afe, kisha uende kwa muuguzi amtoe. Lakini ikiwa ni haragi, punje ya muhindi au karanga, usitie maji, maana itavimba ndani.

Na ile nta ya rangi ya kahawia? Mungu aliiweka pale kwa kusudi. Inashika vumbi na kulinda ngozi. Ipanguse ile inayotoka nje tu. Ukichokonoa, unaisukuma ndani.

Kuna pia dawa zinazoweza kuumiza kusikia. Sindano za gentamisini na za streptomisini zikitolewa vibaya zinaweza kuua kusikia, na hakurudi tena. Kwa hiyo tusinunue sindano kwenye farmasi na kumwomba jirani atuchome. Kinini nayo inaweza kuleta mlio sikioni. Ukiusikia, mwambie aliyekutibu, usikate dawa ya malaria kwa mawazo yako mwenyewe.

Wazazi, tuwapime watoto kwa macho ya upendo. Mtoto mchanga anashtuka kwa sauti kubwa. Mtoto wa miezi 6 hivi anageuza kichwa kutafuta sauti. Wa mwaka 1 anaelewa jina lake na kuanza neno moja au mawili. Wa miaka 2 anaunganisha maneno mawili. Ikiwa wako hafanyi hivyo, au kama aliugua surua au ugonjwa wa uti wa mgongo na tangu siku hiyo haitiki, mpeleke apimwe. Mtoto unayempiga kwa sababu ni mkaidi, labda hakusikia ulipomwita.

Kinga tunazo: kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kutomlaza chali na chupa mdomoni, kumtoa kwenye moshi wa makala na kuni, kutovuta sigara ndani ya nyumba, na kutimiza chanjo zote, ile ya surua ya miezi 9 isisahauliwe.

2. PUA

Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi, na mwili wenyewe unayashinda katika siku 7 mpaka 10. Amoksisilini haiuwi virusi. Ukiinunua kila mara unapopiga chafya, siku utakayoihitaji kweli itakuwa imepoteza nguvu. Kunywa vitu vya moto, pumzika, na mtoto aliyezibwa pua msafishe kwa maji ya chumvi kabla ya kunyonya: maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Matone machache katika kila tundu, basi. Tuache kupaka watoto wachanga dawa kali za kuchua puani. Zinaweza kuwasumbua kupumua.

Mtoto anayetoka kamasi lenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, fikiri kwanza kwamba amejitia kitu: haragi, ushanga, kipande cha sponji. Usijaribu kukitoa kwa kibano, kitazidi kuingia. Mpeleke kwa muuguzi. Na ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya mchezo, iwe puani, sikioni au tumboni, hiyo ni haraka kabisa, kwa maana inaunguza nyama ndani ya saa chache.

Damu ya pua. Wengi wetu tunamlaza mtu chali, au tunamwinamisha kichwa nyuma na kummwagia maji ya baridi. Damu haikomi kwa njia hiyo. Inaingia kooni, anaimeza, kisha anaitapika na watu wanatishika. Fanya hivi: akae, ainame kidogo mbele, ashike sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, aibane bila kuachilia dakika 10 mpaka 15, apumue kwa mdomo, na ateme damu iliyo mdomoni. Angalia saa, maana dakika 10 ni ndefu kwa mtu anayeogopa. Usitie majani wala ugoro puani. Ikiwa dakika 20 zimepita na damu bado inatoka, au ni mtu mzima mwenye ugonjwa wa tansio, au ameanguka na kupiga kichwa, twende hospitali. Na damu ya pua inayorudi mara kwa mara isipewe jina la uchawi kabla haijapimwa.

Kwa mtu mzima: tundu moja la pua likiziba kwa majuma mengi, likitoa damu, au uvimbe ukitokea shingoni usioondoka, asikae nyumbani akisema ni mafua. Magonjwa mabaya mengine yanaanza hivyo, na yanatibika yakionekana mapema.

3. KOO

Koo kuuma mara nyingi ni virusi vile vile vya mafua. Lakini kuna koo moja la kuogopa, hasa kwa watoto kuanzia miaka 5 mpaka 15: mtoto ana homa, anaumwa kumeza, ana vitu vyeupe kwenye mafindofindo na tezi zimevimba shingoni, lakini hana kikohozi wala mafua. Hao wanaweza kuwa bakteria wanaoitwa streptokoki. Wasipotibiwa, majuma mawili au matatu baadaye viungo vinaweza kuvimba, na moyo unaweza kushikwa. Valvu za moyo, ile milango midogo ya kupitisha damu, zinaharibika. Kijana wa miaka 20 anashindwa kupanda kilima, dada anashindwa kubeba mimba bila hatari, na chanzo chake kilikuwa koo la utoto lililopuuzwa. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na inazuia jambo hilo. Ikiandikwa ya siku 10, ni siku 10.

Sasa ninakuja kwenye kilimi, na hapa ninaomba mama zetu na bibi zetu wanisikilize. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Mungu alikiweka kifunge njia ya pua tunapomeza na kitusaidie kusema. Lakini mtoto akikohoa, akitapika au akikataa kunyonya, tunaambiwa, "Ana kilimi, akakatwe." Anapelekwa usiku kwa fundi mwenye wembe au kisu ambacho kimekata watoto wengine jana.

Wapendwa, watoto wamekufa kwa jambo hili. Wanatoka damu isiyokoma. Wanapata pepopunda. Wanaweza kuambukizwa UKIMWI kwa wembe mmoja. Na ugonjwa wenyewe uliowafanya wakohoe unabaki ndani, maana haukuwa kwenye kilimi. Mara nyingi ulikuwa nimonia. Basi, badala ya kumfungua kinywa, mfungue shati. Hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, wa miezi 2 mpaka 12 akifika 50 au zaidi, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 au zaidi, au kifua kikiingia ndani kila anapovuta pumzi, hiyo ni haraka ya kituo cha afya. Mlete kwa muuguzi usiku ule ule ambao ungempeleka kwa mkata kilimi.

Mwiba wa samaki ukikwama, tumezoea kumeza tonge kubwa la bugali ili usukumwe. Wakati mwingine unashuka, lakini wakati mwingine unazama zaidi katika nyama na kuleta jipu. Ukiusikia bado baada ya kunywa maji, nenda ukatolewe. Na mtu mwenye koo asiyeweza kumeza hata mate yake, asiyeweza kufungua kinywa, au anayepumua kwa mlio, huyo asilale nyumbani.

4. KANISA LETU WENYEWE

Mpaka hapa nimesema na wazazi. Sasa ninasema na sisi viongozi, wanakwaya na mafundi wa sono.

Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani inazaliwa ndani ya mtu kwa kusikia ujumbe wa Kristo. Sasa, itakuwaje kama mahali pa kusikia ndipo tunapoharibu masikio? Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Sauti ikizidi inavivunja, na havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha. Kipimo kinachotumiwa kuwalinda wafanyakazi wa viwanda ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila unapoongeza 3, muda unakatwa nusu. Sauti ikifika 100, muda wa usalama ni dakika 15 tu. Na bafle zetu ndani ya jumba dogo la mabati, mkesha kutoka saa tatu ya usiku mpaka alfajiri, zinaweza kupita hapo.

Huhitaji mashine ili ujue. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja anakupigia kelele ndipo umsikie, sauti imezidi. Ikiwa unatoka ibadani masikio yanalia kama wadudu wa usiku, sauti ilikuwa imekwisha kukuumiza. Roho Mtakatifu hakuongezewa nguvu na bafle. Siku ya Pentekoste hapakuwa na sono, na watu elfu tatu waliokoka.

Kwa hiyo ninawaomba mambo manne. Bafle ziinuliwe juu ya vichwa, zisielekezwe kwenye masikio ya kwaya wala benchi la kwanza. Mama asimlaze mtoto chini ya bafle, hata kama amelala usingizi mzito. Masikio yake hayalali. Mpiga ngoma na fundi wa sono wazibe masikio kwa vizibo vya kazi hiyo wanapokuwa karibu. Na katika mkesha kuwe na nyakati za utulivu, za kusoma Neno na kuomba kwa sauti ya chini.

Wahubiri na wanakwaya, sauti yenu pia ni chombo cha Bwana. Kupiga kelele juma zima, na kufunga bila maji, kunakausha nyuzi za sauti na kuziotesha vinundu. Sauti ikikauka, inyamazishe siku mbili tatu na unywe maji. Kunong'ona si kupumzika; kunong'ona kunazichosha pia. Tangawizi na asali vinatuliza koo, lakini havifiki kwenye nyuzi zile. Sauti iliyokauka ikipita majuma 3, hata kama huumwi, mwone daktari aangalie ndani. Inaweza kuwa vinundu tu, na inaweza kuwa saratani ambayo bado ni ndogo.

Na viziwi walio kati yetu? Sheria ya Musa ilikataza kumtukana kiziwi (Walawi 19:14), ingawa hawezi kusikia tusi lenyewe. Mungu alilisikia kwa niaba yake. Tuwape nafasi ya mbele waone midomo ya msemaji. Tutafute ndugu anayejua lugha ya alama awatafsirie. Tuwapeleke watoto wao shuleni. Kama Bwana hajamfungua masikio leo, hilo si ushuhuda kwamba hana imani. Ni mshirika kamili katika mwili wa Kristo.

Mwisho, mashemasi. Najua mama wengi hawachelewi kwa kukosa akili. Wanachelewa kwa kukosa pesa ya fishi. Anaanza na majani kwa sababu majani ni bure. Basi sehemu ya sadaka ya huruma iwekwe tayari kwa jambo hili, na katika kila ukumbi wa kanisa awepo dada au ndugu mmoja anayejua kukausha sikio na kuhesabu pumzi ya mtoto. Wale marafiki wa Dekapoli hawakumwambia kiziwi, "Nenda, tutakuombea." Walimshika mkono wakaenda naye.

TUOMBE

Baba yetu uliye mbinguni, wewe ndiwe uliyeliumba sikio. Tunakushukuru kwa uponyaji unaotoka mkononi mwako, ukituma malaika au ukimtuma muuguzi. Tunawaombea watoto wenye masikio yanayotoka usaha usiku huu. Wape wazazi wao hekima ya kuondoka mapema na njia ya kufika salama. Utusamehe pale tulipowaita wenye pepo wale waliokuwa wagonjwa tu. Bariki mikono ya wanaofanya kazi katika vituo vya afya, hata wale ambao hawajapata mshahara. Linda masikio yetu tulisikie Neno lako mpaka uzeeni, na sauti zetu tukusifu. Kwa jina la Yesu Kristo tumeomba. Amina.